Msikate Stempu, Acheni Bahasha Nzima

 Muhula uliopita palikuwa na mabishano katika chumba chetu cha kusomea juu ya jambo ambalo wengi waliliona dogo. Vijana wa chama cha stempu walipewa furushi la bahasha kuukuu na mzee mmoja wa Kamembe. Kabla ya chakula cha jioni walikuwa wamekwisha kukata pembe zote zenye stempu na kuziloweka katika beseni la maji, na bahasha zenyewe zimekwenda jikoni kuwashia moto. Niliposema kwamba kilichochomwa kilikuwa na thamani kuliko kilichowekwa katika albamu, walinicheka. Basi naandika haya ili nieleze fikira zangu kwa urefu, maana katika mabishano ya mdomo mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye, na mimi sauti yangu ni ndogo.

Chukueni stempu zile za maua za mwaka 1953, zilizoandikwa Ruanda-Urundi. Ni nzuri kwa macho, na sidhani kama kuna albamu ya shule isiyokuwa nazo. Stempu ya namna hiyo ikisha kukatwa yatuambia nini? Yatuambia kwamba palikuwa na nchi iliyoitwa hivyo, chini ya Wabelgiji, jambo ambalo limo katika kila kitabu cha historia. Kadhalika zile za wanyama za mwaka 1959. Na stempu nyingi za Rwanda huru, tangu mwaka 1962, zilichapwa ili ziuzwe kwa wakusanyaji wa ng'ambo, wala hazikupata kugusa barua ya mtu wa mlimani. Ni picha tu. Mwenye kuzipenda na azipende, simkatazi.

Bahasha nzima ni kitu kingine. Mbele kuna anwani, yaani jina la mtu na jina la mahali alipokaa. Juu ya stempu kuna muhuri wa posta, wenye jina la ofisi na tarehe. Nyuma, katika barua za zamani, mara nyingi kuna muhuri wa pili, wa posta iliyoipokea, na hivyo twaweza kuhesabu siku ambazo barua ilikuwa njiani. Barua ya rejista ina namba yake, na namba hiyo inalingana na mstari mmoja katika daftari la karani, ambamo aliandika nani kaipeleka, kwa nani, na wapi. Ukikata pembe ya stempu umekata na nusu ya muhuri. Yaliyobaki umeyatia motoni.

Nimesema jina la mahali. Hapo ndipo penye kazi, kwa maana majina ya nchi yetu hayakutulia. Mji wetu waandikwa Shangugu katika karatasi za Wabelgiji. Gisenyi waandikwa Kisenyi, Byumba waandikwa Biumba, Kibungo waandikwa Kibungu. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba Wazungu wa kwanza waliyasikia majina yetu kwa vinywa vya askari na wapagazi waliosema Kiswahili, na mtu wa Kiswahili akisikia Gi- ulimi wake wateleza kwenye Ki-. Tena palikuwa na majina yaliyobandikwa tu juu ya miji: Butare iliitwa Astrida kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji mpaka mwaka 1962, na jirani zetu wa Bukavu ng'ambo ya mto walikaa miaka mingi wakiandikiwa barua za Costermansville. Kijana atafutaye Butare katika mihuri ya mwaka 1950 hataiona, akadhani hapakuwa na mji.

Wala tusidhani mambo haya ni ya wakoloni peke yao. Mwaka 2006 nchi ilipangwa upya, ikawa na wilaya 30 na tarafa 416. Mkoa wa Cyangugu ukaondoka, tukawa wilaya ya Rusizi yenye tarafa 18, na upande wa kaskazini ukawa Nyamasheke. Sababu zake zilikuwa nzuri, na sikuja hapa kuzipinga. Lakini baba zetu walizaliwa katika komini za Cyimbogo, Gishoma, Gisuma, Karengera, Gafunzo. Waulizeni wanafunzi wa kidato cha kwanza wawaonyeshe Cyimbogo ilianzia wapi na kuishia wapi. Nimewauliza ishirini. Wawili tu walijua, nao ni kwa sababu babu zao walikuwa madiwani. Katika bahasha za miaka ya 1970 na 1980 jina hilo limo kila mara, kwa mwandiko wa watu waliolitumia kila siku bila kufikiri kwamba litakwisha.

Na chini ya komini palikuwa na mlima. Wageni wasomao haya wakumbuke kwamba zamani Rwanda haikuwa na vijiji kama vya Tanganyika, nyumba zikiwa zimepangana pamoja. Kila mtu alikaa katika boma lake, migomba ikiwa imemzunguka, na watu wa kilima kimoja ndio waliokuwa jirani. Mtu akiulizwa atokako alitaja mlima. Kwa hiyo jamii yetu ya shamba ikisahauliwa haiachi magofu wala barabara. Yaacha kile tunachokiita itongo, mahali palipokuwa na nyumba, ambapo leo ni shamba la mtu mwingine.

Bibi yangu ana kikapu kidogo chenye kifuniko, agaseke, na ndani yake mna bahasha kumi na moja. Barua zenyewe nyingi hazimo. Bibi asema ziliharibika, nami sikumwuliza zaidi. Bahasha zilitoka Bukavu, na mbili zilitoka Kampala. Mojawapo imeandikwa jina la mtu, kisha jina la mlima, kisha misioni ya Mibirizi, kisha "par Shangugu", yaani kupitia Shangugu. Misioni ya Mibirizi twaijua wote. Mapadre wa White Fathers waliijenga mwaka 1903, nayo ni katika misioni za kwanza za Rwanda nzima. Lakini mlima ule, kwa jina lile, haumo katika ramani ya shule, wala katika orodha ya vijiji vya leo. Mwalimu wetu wa jiografia hakuujua.

Wakati wa likizo mimi na wenzangu wawili tulikwenda kuutafuta, kwanza kwa kuuliza nyumba kwa nyumba upande wa Mibirizi. Siku ya pili mama mmoja muuza ndizi alilitambua jina, akasema ni jina la upande mmoja tu wa kilima, ule utazamao mto, na kwamba watu walioliita hivyo hawapo. Tulipofika tuliona mikaratusi, shamba la mihogo, na miti mitatu mikubwa ya umuvumu. Yeyote aliyekulia hapa ajua kwamba umuvumu haujipandi wenyewe katika safu. Palikuwa na boma. Mzee jirani alitusimulia. Nyumba zilikuwa tisa. Wengine walivuka kwenda Kongo katika machafuko ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata, na hao ndio walioandika bahasha za Bukavu. Waliobaki walikaa, wakasomesha watoto, wakapeleka kahawa sokoni. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliuawa, ila msichana mmoja na mtoto mchanga.

Jina la mlima huo siliandiki hapa. Ukoo ule una watu wawili walio hai, nao hawakunipa ruhusa, na ni haki yao.

Wenzangu wengine husema: mambo hayo yamekwisha kuandikwa, mahakama za Gacaca, mpaka zilipofungwa mwaka 2012, zilikusanya majina ya waliokufa kila mahali. Ni kweli, na kazi ile ilikuwa kubwa mno. Lakini yatazameni maandishi yale yanauliza nini: nani aliuawa, wapi, na nani. Ni lazima yaulize hivyo, maana ni ya mahakama. Bahasha haiulizi hivyo. Yasema kwamba mtu huyu mwaka 1967 alikuwa na ndugu Kampala aliyemkumbuka. Kwamba alijulikana misioni hata ikatosha kuandika jina lake na mlima wake, barua ikafika. Kwamba mwaka 1981 mtoto wake alikuwa akisoma Butare na kumwandikia kila mwisho wa muhula, pengine kuomba nauli. Twawajua watu hao kwa siku moja ya kufa kwao. Bahasha yatupa siku nyingine.

Sasa nije kwa yule aliyenipinga kwa nguvu kuliko wote, rafiki yangu ambaye ni hodari wa hesabu. Alisema: "Posta ilikuwa ya Wazungu, mapadre, makarani, na wafanya biashara wa Kiarabu na Kihindi. Mkulima wa mlimani hakujua kusoma. Ukitafuta mashamba katika vitabu vya posta utaona miji tu." Maneno haya yana uzito, nami nayakubali nusu.

Nayakubali kwa mambo mawili ya hapa hapa kwetu. La kwanza ni Bukunzi na Busozo. Nchi yetu hii, ambayo wazee waiita Kinyaga, ilikuwa na falme ndogo mbili zenye wafalme wao, na mfalme wa Bukunzi alisifiwa mbali kwa kuleta mvua. Wabelgiji walizimaliza kwa askari katikati ya miaka ya 1920. Falme hizo zilikwisha kabla watu wake hawajapata anwani. Utafute upendavyo katika mihuri, hutaona muhuri wa Bukunzi, maana haukuwapo. La pili ni kisiwa cha Nkombo. Watu wake husema Kihavu, shughuli zao ni samaki na mitumbwi, na habari zao kwenda Ijwi na Bukavu zilikwenda kwa mdomo, pamoja na samaki. Mtu akiandika historia ya Nkombo kwa vitabu vya posta peke yake, ataandika kurasa tupu. Kwa hiyo rafiki yangu asema kweli: posta haikumwona kila mtu.

Lakini nusu ya pili siikubali. Kwanza, watu wa milimani walisafiri kwenda kazini, na asafiriye hutuma habari. Katika miaka ya 1920 kampuni ya shaba ya Katanga iliandika wafanya kazi kutoka Rwanda. Wengine kwa maelfu walikwenda Uganda kwa miguu, kulima pamba na kahawa ya Waganda. Tangu mwaka 1937 Wabelgiji wenyewe walihamisha jamaa nzima nzima kutoka Rwanda hadi Gishari, katika Masisi ya Kongo. Watu hawa wote waliacha mama, wake na madeni nyumbani. Asiyejua kuandika alimwomba ajuaye, akampa sigara au senti kidogo. Huku nyumbani katekista au mwalimu aliifungua barua na kuisoma kwa sauti, na jirani wakaja kusikiliza, maana palikuwa na salamu za kila mtu. Barua moja ilikuwa ya mlima mzima. Msihesabu barua kwa idadi ya waliojua kusoma.

Pili, misioni ilikuwa mlango. Mfuko wa barua ulifika Shangugu, kisha wa misioni ukapelekwa misioni, na huko wakagawa siku ya Jumapili baada ya ibada. Kwa hiyo katika vitabu vya posta utaona "Mibirizi" mara mia, na utadhani barua zote ni za mapadre. Ni bahasha peke yake iwezayo kukuambia kwamba kati ya hizo mia, ngapi zilipanda milimani na kwa nani. Mnaona sasa kwa nini nang'ang'ania karatasi hiyo iliyochomwa jikoni? Daftari la posta lafika mpaka misioni, kisha lasimama. Bahasha yaendelea kwa miguu.

Zamani za Wajerumani kila kitu kilikwenda kwa miguu. Richard Kandt, yule daktari aliyeanzisha Kigali, alikaa kwanza hapa karibu nasi, Shangi, tangu mwaka 1899. Reli haikuwako; ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Barua yoyote itokayo Kivu ilichukuliwa na tarishi, naye akampa tarishi mwingine, mpaka pwani. Mwaka 1916 Wabelgiji walipoingia, Jenerali Tombeur aliamuru stempu za Kongo zigongwe neno RUANDA, na nyingine URUNDI. Stempu hizo wakusanyaji huzigombea kwa fedha nyingi, na za bandia ni nyingi vilevile. Vijana wa chama cha stempu wajihadhari wasije wakauziwa uwongo.

Nchi nyingine zimekwisha kuona faida ya jambo hili. Marekani, mtu akitaka kufungua posta shambani katika karne ya 19, aliletewa fomu kutoka serikalini: ofisi yako itakuwa umbali gani na mto fulani, na kijito fulani, na reli; posta iliyo karibu ni ipi; watu wangapi watahudumiwa? Serikali ilitaka kuchora ramani ya njia za barua, basi. Mwaka 1901 posta zao zilipata kuwa 76,945. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuanza kupeleka barua mpaka kwa mkulima, na zile posta ndogo zikafungwa kwa maelfu, na vijiji vingi vilivyozizunguka vikafifia hata majina yakapotea. Leo mtu atafutaye kijiji cha babu yake huko huanza na fomu zile, zilizotunzwa katika hifadhi ya taifa, na huweza kukionyesha kwa kidole, hatua kadha kutoka kijito kadha. Waliojaza fomu hawakukusudia historia. Ndiyo maana naziamini: mtu ajazaye fomu ya umbali hana haja ya kujisifu.

Tena si lazima kwenda Marekani. Wakati wa vita kuu ya pili wakimbizi wa Kipoland waliletwa Afrika ya Mashariki, wengi wao kina mama na watoto. Tengeru, karibu na Arusha, walikuwa kama 5,000, na wengine walikaa Nyabyeya, karibu na Masindi katika Uganda, ambako kanisa walilojenga bado limesimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kutawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Mji mzima uliotokea katika migomba na kutoweka! Tengeru yamebaki makaburi. Na zimebaki barua, zenye mihuri ya posta na mihuri ya wakaguzi wa vita, ambazo jamaa zao huzikusanya leo ili wajue nani alikuwa kambi gani, mwezi gani.

Na Tanzania, baina ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka makwao kuingia katika vijiji vya Ujamaa. Walichokiacha Kiswahili kina neno lake la zamani, mahame. Mahame hayo yalikuwa na majina, na majina yalikuwa katika anwani za shule na za misioni na za maduka ya Wahindi. Kijana wa Kigoma au wa Dodoma aweza kufanya kazi hii sawasawa na sisi.

Basi turudi kwetu, maana hatari iko hapa. Leo nani huandika barua? Salamu zaenda kwa simu, fedha zaenda kwa simu, hata mwanafunzi akitaka nauli hupiga simu. Mimi sililii jambo hilo. Bibi yangu husikia sauti ya mwanawe kila Jumapili, na hilo bahasha haikuweza kumpa. Lakini jambo lisilotumika tena hutupwa. Karani mmoja mstaafu alinisimulia kwamba katika ofisi aliyofanya kazi zamani, ambayo hakunitajia nami sikumlazimisha, madaftari ya rejista na vitabu vya masanduku vilitolewa stoo siku moja ya kufanya usafi. Sehemu ilichomwa. Sehemu walichukua wauza karanga. Asema kwa majuma kadhaa watu wa mji ule walikula karanga katika majina ya watu na milima yao.

Karatasi kubwa za serikali zina walinzi. Majalada mengi ya Wabelgiji yako Bruxelles. Ya Wajerumani mengi yamo Dar es Salaam, katika hifadhi ya taifa ya Tanzania, na wenye elimu huenda huko kuyasoma. Daftari la karani wa posta ndogo halina mlinzi, wala halihesabiwi kuwa nyaraka. Naona yafaa iwe amri kwamba posta yoyote ikifunga ofisi au kusafisha stoo, vitabu vyote vya zamani zaidi ya miaka thelathini vipelekwe wilayani kwanza, na wilaya ivipeleke hifadhi ya taifa Kigali. Gharama yake ni gari moja kwa siku moja. Najua mimi ni mwanafunzi tu, na hakuna atakayetunga amri kwa kusoma gazeti la shule. Lakini kati yenu wanafunzi wa zamani wapo walio wakubwa wa ofisi, tena wengine karibu sana na jambo hili, nao hulisoma gazeti hili, kwa sababu huandika kulalamika lisipofika.

Kuna aliyeuliza kama si vibaya kuchungulia mambo ya watu. Ni swali la adabu na lastahili jibu. Barua ni siri ya aliyeandika na aliyeandikiwa. Mimi siombi barua, na nikipewa bahasha yenye barua ndani nitairudisha barua. Bahasha haikuwa siri hata siku moja. Karani aliisoma, tarishi aliisoma, padre aliisoma mbele ya watu. Hata hivyo katika nchi yetu jina la mtu na jina la mlima wake vyaweza kuumiza, kwa hiyo kila bahasha tutakayoiandika katika daftari letu, tutamwuliza mwenyewe kwanza kama jina liandikwe lote, au nusu, au liachwe mpaka siku nyingine.

Daftari tumekwisha kulianza, sisi watatu. Lina safu sita: tarehe ya muhuri, posta ilikotoka, posta ilikofika, jina la mlima kama lilivyoandikwa, jina la mlima kama wazee walitamkavyo, na tarafa ya leo. Mpaka sasa tuna bahasha 64 na majina ya milima 23. Katika hayo 23, matano hatujayaweka mahali popote. Moja, ambalo tulilisumbukia miezi miwili, lilikuwa ni jina la soko na wala si mlima. Mzee wa Nyakarenzo ndiye aliyetufungua macho.

Ninyi mlio na bahasha nyumbani, msikate kitu. Msizitie katika nailoni, maana unyevu wa ziwa utazioza. Karatasi ya gazeti yatosha. Mkitaka kuandika jambo juu yake, andikeni pembeni kwa penseli, kamwe si kwa wino. Kisha mpeni mtoto wenu aliye shuleni azilete, tutaziandika na kuzirudisha siku ile ile. Vijana wa chama cha stempu wamekubali, baada ya maneno mengi, kwamba tangu muhula huu watabandika bahasha nzima katika albamu, ingawa wanung'unika kwamba albamu zitajaa upesi.

Na kama kuna mmoja wenu akumbukaye ni nani aliyekuwa akibeba mfuko wa barua kati ya Shangugu na Mibirizi kabla ya kuja magari, aniandikie kwa anwani ya shule. Nimewauliza wazee sita, nao wamenipa majina matatu mbalimbali, na kila mmoja wao aapa kwamba alimwona kwa macho yake.